Mtoto Asipochukuliwa, Pesa Inarudi

Lionel Prewitt aliingia mji wetu wa Fenbrook kwa sababu ya jino. Alikuwa anapita tu. Alitoka Florida, alikouza viwanja vyenye mandhari ya maji, bila kutaja kwamba maji yenyewe yalikuwa juu ya viwanja, na alikuwa anaelekea popote pale ambapo wanunuzi wa viwanja hivyo hawakuwa na ndugu. Alipofika New Jersey gego la chini likaanza kumgonga kama nyundo, akakata kona, akauliza daktari wa meno, akaelekezwa kwa Daktari Raghunathan.

Ilikuwa Desemba. Kwenye chumba cha kusubiria walikaa kina mama wawili wenye makoti mazuri na macho mekundu.

"Umelala jana?" aliuliza mmoja.

"Nilale vipi, na Thornbury wanatoa majibu Ijumaa? Mtoto ameacha kula."

"Wangu anakula mpaka karatasi ya keki. Mimi ndiye nisiyekula."

"Haki ya Mungu, ningemjua mtu mmoja pale ndani ya chuo, mmoja tu, ningempa anachotaka. Anachotaka, unanisikia?"

Jino la Prewitt likaacha kuuma hapo hapo. Watu wa dini huiita hali hiyo wito. Aliingia kwa daktari, akang'olewa, na wakati anasukutua damu alikuwa ameshapata kazi mpya.

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kuanguka, Prewitt alikuwa na ofisi juu ya duka la dobi, koti la sufu lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, na picha kubwa ya mnara wa Thornbury aliyoinunua kwenye vitu vya marehemu fulani vilivyotandikwa barabarani. Hakuwa na kibao mlangoni. Mwenye kibao, alisema, anatafuta wateja. Yeye wateja ndio wanaomtafuta. Na kweli walimtafuta. Mtu alimnong'oneza mtu kwamba juu kwa dobi kuna mzee aliyewahi kukaa Thornbury, na bado ana watu wake kwenye kamati ya udahili. Kukaa alikaa, hilo tusimwonee: aliwahi kulala ndani ya gari lake kwenye maegesho ya chuo hicho, hadi mlinzi alipomgongea kioo.

Sasa sikiliza biashara yenyewe, maana ilikuwa nyepesi kama unyoya. Mzazi alileta pesa taslimu, pesa nyingi, na Prewitt akaahidi kumsemea mtoto kwa watu wake. Kisha aliegemea kiti, akatoa kauli iliyomjengea jina mjini: "Mtoto asipochukuliwa, pesa yako inarudi. Yote. Mimi si mwizi."

Baada ya hapo hakufanya kitu. Hakupiga simu wala hakuandika barua. Alikwenda sinema. Desemba ilipofika, watoto waliochukuliwa walikuwa wamechukuliwa kwa akili zao, na wazazi wao walikuja kumbusu mikono. Waliokataliwa, aliwarudishia pesa huku akitikisa kichwa kwa huzuni, nao wakaenda kumsifu zaidi kuliko wenzao. Kazi pekee aliyoifanya kwa jasho ilikuwa ya kuchagua: alisoma magazeti ya shule, akajua nani anaongoza kwa hesabu na nani ameshinda mashindano ya midahalo, na mzazi wa mtoto mzito wa kichwa, Prewitt alimwambia kwa upole kwamba mwaka huu nafasi zake zimejaa.

Ndivyo Roberta Kessler alivyoangukia mikononi mwake katika msimu wake wa pili. Roberta alikuwa dalali wa nyumba, mwanamke wa vicheko na mikono mikubwa, anayemlea binti yake peke yake. Binti, Delphine, alikuwa bingwa wa midahalo shuleni, na alikuwa ameomba Thornbury kwa ule udahili wa mapema ambao ukikubaliwa umefungwa, huendi kwingine. Chuo kilikuwa ghali kama dhambi, lakini kilitoa ufadhili kwa wenye vipaji. Watoto wengi waliuomba, wachache waliupata.

Roberta alilipa bila kumwambia binti yake. Alimpeleka kwa Prewitt mara moja tu, kwa kisingizio cha kupewa ushauri.

"Ulisoma Thornbury?" Delphine alimwuliza yule mzee.

"Mtu hasomi Thornbury, binti yangu. Thornbury humsoma mtu," alijibu Prewitt, akitazama dirishani kwa majonzi.

Roberta alishusha pumzi kwa heshima. Delphine alimwangalia mzee, akaangalia viwiko vyake.

Ukweli ulitoka wiki ya majibu, jikoni, Roberta akikwaruza viazi vya Hanuka, ile sikukuu ya Kiyahudi, na Delphine akifungua na kufunga simu.

"Mwanangu, acha kuitazama hiyo simu kama inakudai."

"Mama, nikikosa?"

"Hukosi."

"Wameomba watu elfu na elfu."

"Hukosi, nimeshakwambia. Limeshapangwa."

Delphine akainua kichwa. "Limepangwa na nani?"

Roberta alikwaruza kidole badala ya kiazi. Alikinyonya kidole, akajaribu kuzungumzia hali ya hewa, akashindwa, akasema yote: Prewitt, kamati, pesa. Ilikuwa pesa gani? Ile iliyowekwa tangu Delphine alipokuwa na meno ya utoto, ya kulipia mwaka wa kwanza.

Binti akakaa chini. Lilimuuma jambo moja kwanza, na halikuwa pesa. "Yaani hukuamini kwamba naweza mwenyewe."

"Naamini! Nilitaka tu kukusaidia."

"Sasa nisikilize. Nikichukuliwa, pesa ya kulipia chuo anayo Prewitt. Nikikataliwa, pesa tunayo, lakini chuo hatuna. Mama, wewe ni dalali. Umenunua mlango ukauza nyumba."

"Kuna ufadhili. Amesema na huo ataushughulikia."

"Huo ukija hautoshi wote. Mama, huyu mtu ni tapeli."

"Tapeli!" Roberta akaweka kikwaruzo chini. "Mwaka jana aliwarudishia pesa wote waliokosa. Tapeli gani anarudisha pesa?"

"Haya. Mimi nikae kwenye kona, nimwambie kila mama mjamzito kwamba nitamwombea apate mvulana. Akizaa msichana, namrudishia hela yake. Mwisho wa mwaka nitakuwa na hela ngapi?"

Roberta alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Inategemea," akasema, "unaomba vizuri kiasi gani."

Delphine akaona kwamba mdahalo huu hataushinda kwa maneno.

Kesho yake, chumba cha kulia shuleni, aliwakusanya wale aliowashuku. Haikuwa kazi ngumu. Aliwatazama waliokuwa na sura ya mtu ambaye mzazi wake anamkonyeza mara kwa mara. Alikaa mbele ya Dominic Pagano, mtoto wa Vince Pagano muuza magari.

"Dom, baba yako ana rafiki mwenye viraka vya ngozi kwenye viwiko?"

Dominic akaacha kutafuna pizza. "Umejuaje?"

Pembeni yake Arvind Raghunathan, mtoto wa daktari wa meno, alivua miwani akaifuta, ishara kwamba mambo ni mabaya. "Baba yangu pia. Nilidhani anatoa sadaka."

Wengine wawili wakasogeza viti. Delphine akawaeleza mchezo wote kuanzia mwanzo. Walipomaliza kuelewa, hakuna aliyecheka. Waliomba chuo kwa miezi ya kukesha na insha zilizoandikwa na kufutwa, na sasa hata kama wangechukuliwa, nyumbani kwao sifa ingekwenda kwa mzee wa viwiko.

"Twende polisi," akasema Dominic.

"Tukawaambie nini? Kwamba baba yako alijaribu kuhonga chuo, akapunjwa?"

Dominic akarudi kwenye pizza.

"Nasikia ana jicho," akasema Arvind. "Baba anasema huwezi kumdanganya, anakusoma usoni kama gazeti. Wazazi wakienda na uongo, atawajua."

"Ndiyo maana hawataenda na uongo," akasema Delphine. "Wataenda na ukweli wanaoujua wao. Ijumaa, majibu yakija, yawe ya namna gani, kila mtu nyumbani anasema amekataliwa. Wazazi watalia kweli, watamfuata Prewitt na machozi ya kweli, na atarudisha pesa. Pesa ikishafika nyumbani, tunasema."

"Watataka kuona barua ya kukataliwa," akasema Dominic. "Babangu huwa anataka kuona hata risiti ya maziwa."

 Kila mmoja alijua jibu, na hakuna aliyetaka kulitamka. Arvind ndiye aliyelitamka.

"Thornbury hawatuchukui wote. Atakayekosa kweli atatoa barua yake, wengine tubadilishe jina."

Wakakubaliana hivyo, na kila mmoja akainuka mezani akiomba Mungu asiwe yeye.

Ijumaa jioni Delphine alijifungia chumbani. Alikosea nywila yake mwenyewe mara mbili, na ukurasa ulipofunguka alisoma neno la kwanza, akalisoma tena, akauma mto ili asipige kelele. Amechukuliwa. Chini yake, mstari mwingine: ufadhili wa wenye vipaji, sehemu kubwa ya ada. Sehemu iliyobaki ilikuwa, karibu sawasawa, ile pesa iliyokaa juu kwa dobi.

Machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, ila sababu yake ndiyo aliyoibadilisha akishuka ngazi.

Roberta alimwona na hakuuliza. Alizima jiko, akafungua mikono. "Punda," akasema juu ya kichwa cha binti yake. "Punda watupu wale. Hawajui walichokiacha."

Hakumtaja Prewitt wala pesa. Alimkalisha Delphine, akampa viazi vya moto na sosi ya tufaha, kisha yeye mwenyewe akateleza taratibu hadi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia kwa mkono mdomoni ili asisikike. Hapo Delphine alikaribia sana kusema. Alikuwa ameshafungua kinywa. Simu ikatetemeka mfukoni.

Ilikuwa barua ya Thornbury yenye jina la Arvind. *Kwa masikitiko tunakujulisha.* Chini yake Arvind ameandika: "Jamani, tulichokuwa tunakihitaji kimepatikana. Badilisheni majina. Mkimaliza kunipa pole, mniletee pizza."

Delphine akafunga kinywa. Kama Arvind ametoa hiyo, yeye ni nani wa kuharibu mchezo kwa ajili ya kuona mama analia?

Jumamosi asubuhi Lionel Prewitt alifungua ofisi akipiga mluzi. Alitegemea siku nzuri: mabusu mikononi kutoka kwa wengi, bahasha moja ya kurudisha, labda mbili. Bahasha alishaiandaa, na uso wa huzuni pia. Na kwenye ngazi walishapanga foleni wazazi wa darasa linalofuata, wamekuja kuandikisha watoto wao mapema. Aliwaachia mlango wazi makusudi. Hakuna tangazo zuri kama mtu anayerudishiwa pesa mbele ya watu.

Wa kwanza alikuwa Daktari Raghunathan, kimya, amekonda kwa usiku mmoja. Akaonyesha barua kwenye simu. Prewitt akatikisa kichwa, akatoa bahasha, akasema maneno matatu ya faraja. Wazazi kwenye ngazi wakanong'onezana kwa kuridhika.

Wa pili alikuwa Vince Pagano. Aliingia kwa kishindo, akajaza chumba, akamkumbatia Prewitt na kumlilia begani mpaka kiraka kimoja cha kiwiko kikalowa.

"Ndugu yangu! Wamemkataa Dominic wangu! Mtoto anapiga tarumbeta!"

"Hata mimi sielewi, kaka," akasema Prewitt, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema ukweli.

Alimtazama Vince vizuri. Prewitt alikuwa na jicho, watu hawakumsingizia. Riziki yake yote ilitokana na kujua nani anaigiza. Alimtafuta Vince uongo kwenye nyusi, kwenye koo, kwenye vidole. Hakuna. Lile jitu lilikuwa linalia kama limefiwa. Akalipa.

Akaja wa tatu, sura imevimba. Akaja wa nne, mume na mke, wameshikana. Prewitt akasoma kila uso na kila uso ulisema kweli tupu. Jasho likaanza kumtoka kwenye kola. Aliwachagua mwenyewe watoto hawa! Vichwa vya mji mzima! Alianza kuwaza kwamba labda Thornbury wamepata wazimu, au wamemgundua na wanamkomoa.

Angeweza kukimbia? Mlango ulikuwa mmoja, ngazi zilikuwa zimejaa wateja wa mwakani, na wote walikuwa wananyoosha shingo kuona kama Bwana Prewitt ni mtu wa neno lake. Tena Vince hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni akipenga kamasi na kuwapa wenzake pole.

Alipofika kwa yule wa nne, droo ilibakiwa na vibanio vya karatasi. Sehemu ya pesa ilishakuwa koti, kodi, na chakula cha mchana mahali penye vitambaa vya meza. Prewitt akasafisha koo.

"Huenda zilizobaki nikazileta Jumatatu..."

Kwenye ngazi, mtu akaguna.

"Jumatatu?" akasema Vince, machozi yakakauka ghafla. "Hapo chini si gari lako? Lile la kijivu?"

"Ni langu, ndiyo, lakini..."

"Nalinunua. Hapa hapa." Akashuka, akalizunguka, akalipiga teke tairi, akarudi na bei. Ilikuwa bei ya mtu anayejua kwamba muuzaji anatazamwa na foleni. Prewitt aliuza. Hivyo Vince Pagano, aliyepanda ngazi akiwa baba aliyevunjika moyo, alishuka akiwa baba aliyevunjika moyo mwenye faida.

Roberta alikuja wa mwisho, foleni bado iko ngazini. Prewitt alimhesabia za kwake kutoka kwenye pesa ya gari, mkono mzito kama umefungwa jiwe. Roberta akazitia mkobani bila kuzihesabu.

"Ulifanya ulivyoweza, Bwana Prewitt," akasema. "Unaonekana hujala. Chukua." Akamwachia sahani ya viazi vya kukaanga, imefunikwa kwa karatasi ya alumini, akaondoka akijifuta macho.

Alasiri hiyo hiyo mtu wa posta alimletea Arvind bahasha nene kutoka chuo kikuu cha jimbo: ada yote, chumba, na vitabu, kwa sababu ya alama zake. Daktari Raghunathan alitoka nje bila koti, akasimama kwenye theluji, akarudi ndani, akatoka tena. Arvind aliwaandikia wenzake neno moja tu: "Pizza."

Jumapili, kwa makubaliano, watoto walifungua vinywa. Kwa kina Pagano ilikuwa hivi: Vince alipiga yowe, akamrusha Dominic juu, akamdaka, kisha ghafla akafunga mapazia. "Hilo sweta la Thornbury," akasema kwa sauti ya chini, "hulivai mpaka majira ya kuchipua. Mtu akikuuliza, bado unafikiria." Kwa wengine hali haikuwa tofauti sana. Mji mzima ulikuwa na furaha iliyofungiwa ndani.

Kwa kina Kessler haikwenda hivyo.

"Mama," akasema Delphine, "nimechukuliwa. Tangu Ijumaa. Na ufadhili wamenipa."

Roberta alipiga ukelele uliomwamsha mbwa wa jirani. Akatoka nje na viatu vya ndani, akamkumbatia mtu aliyekuwa anazoa theluji, akarudi, akambusu binti yake kila mahali, akacheka, akalia, akapiga magoti. Kisha akasimama wima, na uso wake ukabadilika.

"Basi alifanya kazi yake," akasema.

"Nani?"

"Prewitt! Masikini yule mzee, na mimi nimechukua pesa ya watu!" Alikuwa ameshanyakua mkoba.

"Mama, subiri. Mama! Hakufanya chochote!"

"Mapatano ni mapatano. Umechukuliwa, pesa ni yake. Mimi si mwizi."

Delphine alikuwa amepanga kila kitu, ila hilo hakulipanga. Aliwajua wazazi wote watano walivyo na tamaa, akasahau kwamba mmoja wao ana tamaa na uaminifu kwa pamoja. Alimkimbilia mama yake barabarani akivaa koti mkono mmoja, na wakafika juu kwa dobi wote wawili wakihema.

Prewitt alikuwa anafunga sanduku. Sahani ya viazi ilikuwa tupu. Picha ya mnara ilikuwa imegeuzwa ukutani.

Roberta akaweka bahasha mezani. "Binti yangu amechukuliwa. Hii ni yako. Naomba radhi, sikujua."

Prewitt aliitazama bahasha. Akamtazama Roberta, akauona ule uso mweupe usio na hila. Kisha akamtazama Delphine. Ilimchukua muda mfupi tu. Taratibu, kama mtu anayeona picha ikitokea ndani ya maji, akaelewa: nyuso tano za kweli, na nyuma yake watoto wenye njama moja. Midomo yake ikacheza. Sijui kama alitaka kutukana au kupiga makofi.

Kisha, kwa kuwa mtu hubaki vile alivyo, mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kwenye bahasha.

"Ni wema wako, mama," akasema. "Watu wangu pale Thornbury walihangaika sana."

"Nani?" akauliza Delphine.

"Ndiyo, nani?" akasema Roberta kwa moyo mmoja. "Nataka kumtumia keki."

"Ah, wao hawapendi kutajwa..."

"Chuo kimeandika majina ya maofisa wote wa udahili," akasema Delphine, na simu ilikuwa mkononi, ukurasa umefunguka. "Wote, na namba zao. Wewe tupe jina tu, Bwana Prewitt. Kesho asubuhi mama atampigia kumshukuru. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Atamwambia kila kitu ulichowafanyia wazazi wa Fenbrook."

"Neno kwa neno," akasema Roberta, macho yanang'aa kwa shukrani.

Mkono ukasimama njiani. Chini, mashine ya dobi ilikuwa imenyamaza kwa sababu ya Jumapili, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wangeweza kusikia mzee akipiga hesabu. Ataje jina, atapigiwa simu mtu asiyemjua. Asitaje, huyu mama hataondoka bila anwani ya keki.

Prewitt akarudisha mkono, akauweka gotini.

"Mama Kessler," akasema, "simjui mtu Thornbury."

Roberta akatabasamu, akidhani ni unyenyekevu.

"Simjui mtu hata mmoja. Namjua mlinzi wa maegesho, na yeye hanipendi. Sikupiga simu. Sikuandika. Mwezi wote nilikuwa naangalia sinema." Akavuta pumzi. "Binti yako ameingia mwenyewe."

Roberta hakusogea. Tabasamu lilibaki usoni peke yake, kama mgeni aliyesahauliwa.

"Rudia," akasema.

"Simjui mtu Thor..."

"Siyo hapo. Hapo mwisho."

Mzee akamtazama binti, na kwa kiasi alichoweza, akainamisha kichwa. "Ameingia mwenyewe."

Roberta aliichukua bahasha, akachukua na sahani yake. Mlangoni akageuka. "Treni ya kwenda Philadelphia inapita jioni," akasema kwa ile sauti yake ya kazini, anayowaambia wateja bei ya mwisho. "Kituo si mbali. Kwa miguu unafika." Na Prewitt, ambaye hakuwa na gari wala hoja, alifika.

Nje, theluji ilikuwa imeingia kwenye viatu vya ndani vya Roberta, na hakuonekana kujua. Walikuwa wanakaribia nyumbani alipofungua kinywa.

"Uliniona nimekaa sakafuni nalia, ukanyamaza."

"Nilikuona."

"Hukujisikia vibaya?"

"Nilijisikia vibaya sana, mama. Nikashindwa hata kumaliza sosi."

Roberta alimpiga begani kwa sahani, si kwa nguvu. Kisha akapitisha mkono wake mkubwa kwenye mkono wa binti, wakaenda hivyo.

"Niambie uliwaandikia nini hao watu," akasema. "Kwenye ile insha. Sijawahi kuisoma."

"Yote?"

"Yote. Tangu neno la kwanza."

Delphine akasita, mashavu yakapata moto. "'Mama yangu anauza nyumba ambazo sisi hatuwezi kuzinunua, na humwambia kila mteja kwamba hiyo ndiyo nyumba ambayo yeye mwenyewe angeitaka. Ni mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, na hajawahi kutambua anapodanganywa.'"

Roberta akasimama katikati ya njia.

"Wakakuchukua na maneno hayo?"

"Na ufadhili juu."